Breki na Beringi za Magurudumu ya Mbele

Kila mmoja awe na daftari na penseli, maana leo tutasoma namba zilizoandikwa kwenye chuma. Somo letu ni habari za lori kuukuu: jinsi ya kubadili diski za breki na beringi za magurudumu ya mbele.

Pengine utauliza, je, hiyo si kazi ya fundi? Ni kweli. Lakini ninyi mlioko Mbekenyera mnajua jinsi mizigo inavyosafiri. Waingereza walipoanza mpango wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ilijengewa reli ya kwenda Mtwara. Mpango ulivunjika mwaka 1951, na miaka ya 1960 ilipoanza reli nayo ikang'olewa. Tangu hapo korosho na ufuta hutoka kwa gari. Gari lenyewe mara nyingi ni la siku nyingi, limejaa magunia, na juu ya magunia wamekaa watu. Breki zikishindwa mteremkoni, fundi yuko mbali.

Tuanze na dalili. Beringi iliyoharibika hulia. Mlio wake ni wa kusaga, kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka, nao hubadilika dereva akata konapo. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe makubwa, inua mbele kwa jeki, kisha weka stendi au gogo nene chini ya ekseli. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Sasa shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi zimelegea au zimekwisha.

Dalili ya diski ni nyingine. Ukikanyaga breki, usukani hutetemeka. Au utaona mifereji juu ya uso wa diski. Diski nyingi zimeandikwa, kwa milimita, unene wa mwisho unaoruhusiwa. Ikipungua kufikia hapo haifai, hata ikiwa inang'aa. (Malori mengine ya zamani yana ngoma badala ya diski, habari za beringi ni zile zile.)

Fungua gurudumu. Vumbi la breki usilipulize, kwa kuwa breki za zamani zilitiwa asbesto, nayo hudhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Toa kalipa, yaani chuma kinachobana diski, uifunge kwa waya mahali imara. Isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Ondoa kofia ya grisi, nyoosha ile pini ya miguu miwili uivute, fungua nati, na habu itatoka pamoja na diski.

Ndani ya habu mna beringi mbili, kubwa upande wa ndani na ndogo upande wa nje. Kila moja ina sehemu mbili: bakuli lililokazwa ndani ya habu, na koni yenye vyuma vidogo vya mviringo vilivyolala mshazari. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko Marekani, alipata hati ya ugunduzi wa beringi ya namna hii mwaka 1898. Ule mshazari ndio unaoiwezesha kubeba uzito wa gari na pia msukumo wa ubavuni wakati wa kukata kona.

Sasa chukua penseli. Futa grisi kwa mafuta ya taa, utafute namba kwenye ukingo wa beringi. Tuseme umesoma 30206. Tazama tarakimu mbili za mwisho: 06. Zizidishe kwa 5, utapata 30. Hiyo ndiyo milimita ya tundu la katikati. Beringi nyingine imeandikwa 32206. Tundu lake ni milimita 30 vile vile, na upana wake wa nje ni 62 kama ile ya kwanza. Lakini unene wa ile ni milimita 17 na robo, na wa hii ni 21 na robo. Tarakimu moja tu, nawe umekosea kwa milimita 4! Unaponunua Ruangwa au Nachingwea, mwenye duka akikuambia, "Chukua, ni sawa tu, inaingia," mwonyeshe daftari lako.

Badili koni pamoja na bakuli lake. Bakuli la zamani lina alama za koni ya zamani, nalo litaila mpya. Lipya lipigie kwa kipande cha shaba, pande zote kwa zamu, mpaka mlio wa nyundo uwe mzito. Jaza koni grisi ya beringi kwa kiganja, na weka sili mpya. Diski mpya imepakwa mafuta isishike kutu. Isafishe kwa dawa ya breki. Badili diski na pedi zake kulia na kushoto pamoja.

Inakuja nati, na hapa ndipo wengi hukosea. Nilimwona utingo mmoja akiikaza kwa spana ndefu, akining'inia juu yake. Hawakufika mbali, habu ikaanza kutoa moshi. Nati hii si kama nati za gurudumu. Ikaze huku unaizungusha habu, ili koni zikae mahali pake. Kisha ilegeze. Halafu ikaze tena kwa vidole tu. Tundu la pini lisipolingana, rudisha nati nyuma kidogo, usiikaze mbele. Tia pini mpya uikunje. Kitabu cha gari kikitaja kipimo kingine, fuata kitabu.

Ukisha kurudisha vyote, kanyaga breki mara nyingi gari likiwa limesimama, mpaka pedali iwe ngumu. Asiyefanya hivyo hukanyaga mara ya kwanza akakuta hakuna kitu. Kisha nenda polepole kilomita chache bila mzigo, simama, usogeze mkono karibu na habu. Uvuguvugu si neno. Ikichoma, fungua tena.

Kazi ya nyumbani: beringi imeandikwa 32208. Tundu lake ni milimita ngapi? Andika jibu katika daftari, tutalisahihisha juma lijalo.