Kifua Kikuu na Madaktari wa Mtaani

Katika mji wa Mumbai, nchini India, watu wengi wanaoshikwa na kikohozi kisichokoma hawaendi kwanza katika hospitali ya Serikali. Humwendea daktari wa kujitegemea aliye karibu na nyumbani, kwa kuwa mlango wake huwa wazi hata jioni, na mgonjwa hapotezi mshahara wa siku. Jambo hilo si la kulaumiwa. Shauri lililopo ni dawa atakayopewa.

Mwaka 1991 ilichapishwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika mtaa wa Dharavi, wenye msongamano mkubwa wa watu. Madaktari 100 waliulizwa jinsi wanavyowatibu wenye kifua kikuu, wakataja taratibu 80 mbalimbali za dawa! Habari ya uchunguzi wa pili ilitolewa mwaka 2010: madaktari 106 waliandika taratibu 63, na waliopatia walikuwa 6 tu. Wengine walizidisha dawa na muda wa kuzitumia, na gharama hiyo ilimwangukia mgonjwa.

Hata hivyo njia iliyo sahihi si siri. Tangu Robert Koch alipokivumbua kijidudu cha ugonjwa huu mwaka 1882, makohozi yamekuwa yakipimwa kwa darubini. Lakini madaktari wengi wa kujitegemea walipendelea picha ya kifua, ambayo huonyesha kovu au doa bila ya kuthibitisha limeletwa na nini. Wengine walipima damu, mpaka Serikali ya India ilipokipiga marufuku kipimo hicho mwaka 2012 kwa sababu majibu yake hayaaminiki.

Kwa kifua kikuu cha kawaida, mgonjwa hupewa dawa nne kwa miezi miwili, yaani isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli. Kisha isoniazidi na rifampisini kwa miezi minne. Matibabu haya ya miezi sita yalijengwa kwa sehemu kubwa juu ya majaribio yaliyofanywa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1970, Kenya ikiwamo.

Ugumu ni katika kuyamaliza. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua na mwili hurudi, na mwenye kununua dawa kwa fedha yake huona afadhali anunue unga. Vijidudu vilivyosalia huweza kuwa sugu. Naye daktari aliye peke yake hana mtu wa kumtuma nyumbani kwa mgonjwa aliyetoweka.

Mwaka 2012 Serikali ya India iliwaamuru madaktari wote waandikishe kila mgonjwa wa kifua kikuu. Miaka miwili baadaye ulianzishwa mpango katika miji kama Mumbai na Patna, ambao daktari wa kujitegemea alimpa mgonjwa hati ya kuchukulia dawa bure katika duka la dawa. Mgonjwa aliendelea kumwendea daktari wake yule yule, jioni baada ya kazi, na jina lake likiwa daftarini, aliyeacha dawa aliweza kutafutwa.