Hamu ya roki na vilabu vya ujanani: si ugonjwa, ila isikilize

Msomaji, ikiwa umri wako ni kati ya miaka 40 na 60 na ulikulia mjini, huenda jambo hili limewahi kukukuta. Umo garini, msongamano umekwama barabara ya Thika, na redio yacheza wimbo wa Bon Jovi au Bryan Adams ambao hujausikia kwa miaka ishirini. Ghafla macho yanakulengalenga. Unageuza uso upande wa pili ili dereva wa matatu iliyo kando asikuone, huku ukijiuliza: mtu mzima kama mimi, nalilia nini?

Swali hilo huletwa mbele yangu mara nyingi kuliko unavyodhani, ingawa aghalabu haliji peke yake. Mgonjwa huja na mengine: hapati usingizi, shinikizo la damu limekataa kushuka, mwili umechoka. Dawa zikishaandikwa, naye akishafika mlangoni, ndipo husema, "Daktari, siku hizi nakesha nikisikiliza nyimbo za zamani. Mke wangu adhani nimeanza kurukwa na akili."

Zamani madaktari wangekubaliana na mkewe. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Johannes Hofer, katika mji wa Basel nchini Uswisi, aliandika tasnifu kuhusu maradhi aliyoyaona kwa watu waliokaa mbali na kwao. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurudi nyumbani na jingine la maumivu, akayaita maradhi hayo nostaljia. Dalili zilikuwa majonzi, kukosa usingizi na kukosa hamu ya chakula. Baadaye walitokea madaktari wa jeshi waliodai kwamba chanzo ni kengele za ng'ombe wa milimani, eti mlio wake uliharibu masikio na ubongo wa askari wa Uswisi tangu utotoni. Tunaweza kuwacheka, lakini tusiwacheke sana. Habari ya masikio tutaifikia.

Leo hatuiiti hamu hii ugonjwa. Mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wakiwemo Tim Wildschut na Constantine Sedikides, walitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba mara nyingi hamu hii huamshwa na huzuni, hasa upweke. Kinyume na ilivyodhaniwa, ikishaamka humwacha mtu akijiona ana wenzake na kwamba anapendwa. Mimi huwaeleza wagonjwa wangu kwamba ni kama kiu. Kiu si maradhi. Ni mwili unaokuambia kuna kitu umepungukiwa, na kosa ni kuizima kwa kinywaji kisicho maji.

Mbona basi ni nyimbo za ujanani na si za juzi? Wataalamu wa kumbukumbu wamegundua kwamba ukimwomba mtu wa makamo au mzee asimulie maisha yake, mengi atakayoyataja yatatoka alipokuwa na umri wa kati ya miaka 10 na 30. Huo ndio wakati wa mambo ya kwanza: mshahara wa kwanza, mchumba wa kwanza, kurudi nyumbani usiku wa manane kwa mara ya kwanza na kumkuta baba ameketi sebuleni gizani. Mwaka 2009, Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, Marekani, alionyesha kwa picha za ubongo kwamba sehemu iliyo nyuma ya paji la uso hufanya kazi hasa pale wimbo unapofufua tukio la maisha ya mtu. Sehemu hiyo ni miongoni mwa zile zinazochelewa kuharibiwa na ugonjwa wa Alzheimer. Ndiyo sababu mzee aliyesahau jina la mwanawe huweza kuimba wimbo mzima bila kukosea neno. Kama una mzazi wa namna hiyo nyumbani, mtafutie nyimbo za ujana wake mwenyewe. Usimwekee Metallica. Huenda wake ni Fadhili William au Daudi Kabaka, ama zile za kanisani alizofunzwa shuleni.

Kwetu sisi tuliobalehe katika miaka ya 1990, muziki ulikuwa haba, na labda ndiyo maana ulishika sana. Ulingoja kipindi cha Sundowner cha KBC, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kunasa, ukiomba mtangazaji asiongee juu ya wimbo. Kanda ikilegea ulizungusha kwa kalamu ya Bic ili kuokoa betri. Mwaka 1996 Capital FM ilipoanza kurusha matangazo Nairobi, tulidhani mbingu zimefunguka. Miadi ilikuwa nje ya Archives au kwenye kona ya Hilton, hoteli iliyofunga milango yake mwishoni mwa 2022, na ukichelewa hukuwa na simu ya kuuliza wenzako wameelekea wapi. Mwenye pesa alikununulia chipsi pale Wimpy. Wenye gari, au wenye rafiki aliyeiba la babake kwa jioni moja, walikwenda sinema ya Fox au Belle-Vue. Wakubwa wetu walikuwa na Carnivore kule Lang'ata, na New Florida, lile jengo la duara lililokaa juu ya kituo cha petroli katika barabara ya Koinange. Halipo tena.

Mpenzi wa roki alikuwa na taabu yake ya ziada. Mitaani wengi walicheza rege na Lingala, na wewe na kanda yako ya Nirvana ulionekana unaiga Wazungu. Isitoshe, mwaka 1994 serikali iliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, na hofu ikaenea hadi mabwenini. Mwalimu aliyeona fuvu la kichwa kwenye jalada la kanda hakuuliza maswali mengi. Nasema haya kwa sababu kundi dogo linalochekwa hushikamana kuliko kundi kubwa. Unapokumbuka roki, msomaji, unakumbuka wale watatu au wanne waliokuelewa.

Sasa masikio. Wengi wenu siku hizi mnapanga usiku wa kukumbuka enzi hizo, na spika ni zile za ukuta mzima. Ndani ya sikio kuna kiungo kilichojikunja mfano wa konokono, chenye chembechembe za vinyweleo zipatazo 16,000. Hizo ndizo hugeuza sauti kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo, na zikifa kwa binadamu hazioti tena. Kipimo cha sauti ni desibeli. Sauti ya desibeli 85 sikio huivumilia takriban saa nane kwa siku, lakini kila zikiongezeka tatu, muda huo hupungua kwa nusu. Fanya hesabu: zikifika 100, ambacho ni kiwango cha kawaida klabuni, unabakiwa na robo saa. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti kumbini usizidi desibeli 100. Hata hiyo, naona, ni huruma kwa wenye kumbi.

Wanamuziki wenyewe wamelipa. Pete Townshend wa kundi la The Who amesumbuliwa na mvumo masikioni kwa miaka mingi. Brian Johnson wa AC/DC alilazimika kukatiza ziara mwaka 2016 baada ya madaktari kumwonya kwamba angeweza kuwa kiziwi kabisa, na ikapita miaka kadhaa kabla ya kurudi jukwaani.

Utajuaje kwamba yako yameguswa? Dalili ya mapema si ukimya. Ni kwamba unasikia watu wakizungumza lakini maneno hayakushiki, hasa penye kelele kama hotelini au harusini. Watu wa nyumbani wanalalamika kwamba runinga yapiga kelele. Unaona watoto siku hizi wananong'ona. Usiku, kila kitu kikitulia, kuna mluzi usiokoma. Hapa kwetu pana sababu nyingine ambazo daktari wako lazima azijue: kwinini uliyotibiwa nayo malaria huweza kuleta mvumo, ingawa kwa kawaida huisha, sindano za zamani za kifua kikuu, kama streptomycin, huweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Mtajie. Kisha omba upimwe usikivu, na tafadhali acha kuchokoa masikio kwa funguo na vijiti vya kiberiti. Jopo la jarida la Lancet lilitaja mwaka 2020 kupungua kwa usikivu katika umri wa makamo kuwa miongoni mwa mambo 12 yanayochangia ugonjwa wa kusahau uzeeni, na yanayoweza kurekebishwa. Kwa hivyo kifaa cha kusaidia kusikia si jambo la kuonea aibu. Ukienda ukumbini, kaa mbali na spika, toka nje mara kwa mara, na utie vizibo laini vya masikio. Ukiamka asubuhi usikie sikio moja limeziba ghafla bila mafua, usingoje wiki ipite. Hiyo ni dharura, na matibabu hufaa zaidi yakianzwa katika siku za kwanza.

Na shingo je? Kuna jambo la kuchekesha kidogo. Mwaka 2008 jarida la madaktari la BMJ lilichapisha utafiti kuhusu kutikisa kichwa kwa mtindo wa roki nzito. Nyimbo zinazotikisiwa kichwa zilikuwa na wastani wa midundo 146 kwa dakika, na kwa kasi hiyo, ukiinamisha kichwa sana, shingo na ubongo vinaweza kuumia kidogo. Kicheko kilipungua mwaka 2014, Lancet iliposimulia kisa cha mwanamume wa miaka 50 nchini Ujerumani aliyeumwa na kichwa kwa majuma mawili baada ya kuhudhuria tamasha la Motörhead. Alikutwa na damu iliyovilia kati ya fuvu na ubongo, akafanyiwa upasuaji akapona. Visa vya namna hiyo ni nadra mno. Hata hivyo, ukiwa unameza dawa za kuzuia damu kuganda, tikisa mguu.

Pombe sitaihubiri. Nitasema tu kwamba mwili wa miaka 50 una maji machache kuliko ule wa miaka 20, kwa hiyo chupa ileile hukulevya zaidi, na dawa za presha na kisukari hazipatani nayo vizuri.

Nije sasa kwa jambo ambalo halitajwi. Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja aliyeimba na kundi la Queen, alitangaza tarehe 23 Novemba 1991 kwamba ana Ukimwi, akafariki kesho yake. Ulimwengu mzima ulimlilia kwa jina la ugonjwa wake. Kwetu hatukufanya hivyo. Mwaka 1999, mwezi uohuo wa Novemba, Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, lakini kufikia hapo wengi wa meza yetu walikwisha kwenda. Dawa za kupunguza makali zilikuja kuenea katika hospitali za umma miaka ya 2000. Gazetini tulisoma "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Kwenye matanga ilisemwa ni homa ya mapafu, ni kifua, ni mkono wa mtu. Tulizika Jumamosi na Jumatatu tukarudi kazini, bila kusema.

Ndiyo maana nawaambia wagonjwa wangu wa umri huu kwamba machozi yale ya garini huenda si ya wimbo. Ni ya msiba ambao haukuliliwa. Mtu aliyekufundisha kusikiliza gitaa hukuweza kumlilia hadharani kwa sababu ya haya, naye sasa anarudi kila redio ikiwashwa. Msiba wa namna hiyo hautibiwi kwa tembe za usingizi. Hutibiwa kwa kumtaja marehemu kwa jina, mbele ya mtu mwingine aliyemjua. Kama mamake yu hai, nenda umwamkue. Huenda umri wote huu hakuna rafiki wa mwanawe aliyebisha hodi.

Na wewe mwenyewe, kama hujapimwa virusi tangu enzi hizo, kapimwe. Wanaogunduliwa baada ya miaka 50 mara nyingi huwa wamechelewa, kwa kuwa hata madaktari husahau kuwauliza, ilhali anayeanza dawa mapema leo huishi maisha marefu. Pia, ikiwa majonzi yamezidi majuma mawili, huli, hulali, unakunywa peke yako au unawaza kujidhuru, hiyo si hamu tena. Njoo hospitalini siku hiyohiyo.

Mgonjwa wangu mmoja, mhasibu, nilimwandikia katika karatasi ileile ya dawa ya presha: watafute waliobaki. Ilimchukua miezi kadhaa. Kati ya saba aliwapata watatu, mmoja akiwa Eldoret. Siku hizi hukutana Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, penye nyama choma. Huanza kwa kuwataja wasiokuwepo, mmoja mmoja, kisha muziki huwekwa, lakini chini kidogo, kwa kuwa yule wa Eldoret huvaa kifaa cha kusikia na hataki mzaha.