KUPIGA CHAPA VIPEPERUSHI VYENYE RANGI HADI UKINGONI

Maonyesho ya Nane Nane yanapokaribia, vyama vya msingi huandaa vipeperushi vya kuwatangazia wanunuzi kahawa, asali, mchele na mazao mengine ya wanachama. Makatibu wengi hupenda rangi ienee hadi kwenye ukingo wa karatasi, lakini printa ya ofisini huwatolea kazi iliyozungukwa na utepe mweupe. Wengine hudhani kwamba mashine imeharibika. Sivyo.

Printa haina budi kuishika karatasi ili iivute, na kwa sababu hiyo huacha milimita chache kila upande bila kuzipaka wino. Mara nyingi ni milimita 4 au 5. Baadhi ya printa za wino wa maji zinaweza kujaza karatasi nzima, lakini hufanya hivyo kwa kuikuza picha kidogo hadi ivuke ukingo. Hapo ndipo bei au tarehe iliyoandikwa pembeni huweza kukatwa.

Njia ya wapiga chapa ni kutumia karatasi kubwa kuliko kipeperushi, kuipitisha rangi milimita 3 nje ya mstari wa kukatia kila upande, kisha kukata. Milimita hizo 3 ni za kukinga kosa: kisu kikiteleza kidogo, weupe hautaonekana.

Hesabu ya karatasi ifanywe mapema, maana karatasi na wino ni fedha za wanachama. Kipeperushi cha A4, yaani milimita 210 kwa 297, pamoja na ziada yake huwa 216 kwa 303, nacho huhitaji karatasi ya A3. Kipeperushi cha A5, milimita 148 kwa 210, huingia kimoja tu katika A4, kwa kuwa viwili huijaza karatasi yote na kuacha ziada bila nafasi. Nafuu zaidi ni kupunguza kipimo kiwe milimita 94 kwa 136. Vinne vya kipimo hicho, vikipangwa bila nafasi kati yao na vyote vikiwa na rangi moja ya chini, pamoja na ziada ya pande za nje huchukua 194 kwa 278. Hubaki milimita 8 na zaidi kila upande, zinazotosha printa na alama za kukatia. Karatasi 100 za A4 zitatoa vipeperushi 400, badala ya 100 vya A5.

Katibu na afuate utaratibu huu:

(a) Maneno yote, hasa bei, tarehe na mahali, yakae angalau milimita 5 ndani ya mstari wa kukatia. Asichore fremu nyembamba pembeni, kwani hudhihirisha kila upogo wa kisu.

(b) Achore vistari vifupi vya kukatia katika ukingo mweupe, nje ya rangi.

(c) Wakati wa kuchapa, achague ukubwa halisi, yaani asilimia 100. Kompyuta ikiachwa ioanishe kazi na karatasi, huweza kuipunguza bila kumwuliza mtu.

(d) Achape nakala moja tu kwanza, aipime kwa rula, kisha mtu mwingine aisome. Isipotimia 94 kwa 136, asiendelee.

(e) Akate kwa kisu kikali na rula ya chuma, karatasi chache kwa mara moja. Rula ilale juu ya kipeperushi, ili kisu kikiteleza kielekee kwenye taka. Asikate hadi mwisho wa karatasi. Akome penye alama, la sivyo atazipoteza kabla ya kumaliza.

Ikumbukwe kwamba rangi ya ukurasa mzima hula wino mwingi. Tangazo la mkutano mkuu halihitaji pambo hilo. Linahitaji kusomeka na kuwafikia wanachama kwa wakati. Rangi na itumike pale inapotafuta mnunuzi. Na karatasi zilizoharibika ziandikwe katika leja ya stoo pamoja na zile zilizofaa, ili Bodi na wanachama wajue gharama halisi ya kazi hiyo.