Kubadilisha Toleo la Programu Bila Kupoteza Kumbukumbu za Parokia



 Safari hii tunapenda kuzungumzia kazi ambayo wengi wetu humwachia fundi, nayo ni kubadilisha toleo la programu ya kompyuta: kuondoa la zamani na kuingiza jipya. Ni kazi ya dakika chache, lakini katika dakika hizo rejista ya ubatizo, rejista ya ndoa na hesabu za zaka zinaweza kubaki salama au kutoweka zote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa parokia nyingi daftari hilo sasa limo ndani ya kompyuta, hivyo ni wajibu wa kamati kufahamu linavyolindwa.

Kwa nini programu hubadilishwa

Programu haikai vilevile miaka yote. Mtengenezaji hugundua makosa akayasahihisha, huziba mianya ya usalama, na huongeza mambo ambayo watumiaji wameomba. Mara nyingine Windows yenyewe ndiyo inayotulazimisha. Msaada wa Microsoft kwa Windows XP ulikoma tarehe 8 Aprili 2014, na msaada wa kawaida kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hazikuzimika siku hizo, lakini ofisi inayohamia Windows mpya huenda ikahitaji pia toleo jipya la programu yake ya hesabu au ya rejista. Basi swali si kama tutabadilisha, bali ni namna gani tutabadilisha.

Kifurushi cha kusakinisha ni kitu gani

Kusakinisha ni kuingiza programu ndani ya kompyuta ili iweze kufanya kazi. Katika kompyuta za Windows, programu nyingi huletwa katika faili moja ambalo jina lake linaishia na herufi msi. Hicho ndicho kifurushi. Kinachokifungua ni chombo kilichomo ndani ya Windows kiitwacho Windows Installer. Kilianza kutumika mwaka 1999 pamoja na Microsoft Office 2000, na kingali kinatumika katika Windows 11. Hata LibreOffice, programu ya ofisi isiyo na malipo, hupatikana kwa Windows katika kifurushi cha namna hiyo.

Ndani ya kifurushi mna majedwali. Majedwali hayo hutaja kila faili linaloletwa, folda litakapowekwa, na mipangilio itakayoandikwa katika kompyuta. Windows huitunza orodha hiyo. Siku programu ikiondolewa, orodha ndiyo inayofuatwa: kilichoandikwa humo huondolewa, na kisichoandikwa huachwa, isipokuwa mtengenezaji awe ameagiza waziwazi kifutwe. Tunaomba msomaji alishike jambo hili, maana ndilo litakaloeleza hatari tutakayoitaja hapa chini.

Namba tatu zinazoitambulisha programu

Kifurushi kipya kinajuaje kwamba programu ya zamani iliyomo ni ndugu yake? Kinajua kwa namba.

Ya kwanza huitwa UpgradeCode. Hii tuifananishe na jina la ukoo. Matoleo yote ya programu moja hubeba jina hilo moja, na mtengenezaji akilibadilisha, kifurushi kipya hakitaitambua programu ya zamani.

Ya pili huitwa ProductCode. Hii ni kama namba ya cheti cha mtoto mmoja katika ukoo huo.

Ya tatu ni namba ya toleo, kwa mfano 2.1.0. Hapa pana jambo linalowapita hata baadhi ya watengenezaji. Windows Installer hulinganisha sehemu tatu za kwanza tu. Kwake yeye 2.1.0.3 na 2.1.0.4 ni toleo moja. Tena sehemu ya kwanza na ya pili haziruhusiwi kuzidi 255, na ya tatu haizidi 65535. Kwa hiyo mtu anayetaka kuuanza mwaka mzima katika namba ya toleo, kama 2025.1.0, atagonga mwamba.

Aina tatu za mabadiliko

Mabadiliko madogo ni yale ya kusahihisha faili moja au mawili. Namba ya toleo haibadiliki, wala ProductCode.

Mabadiliko ya kati huongeza namba ya toleo, tuseme kutoka 2.1.0 kwenda 2.2.0, lakini ProductCode hubaki ileile. Aina hii ina mtego. Katibu akibofya kifurushi kipya kama alivyozoea, Windows itakataa na kumwambia kwamba toleo jingine la programu hiyo limo tayari, na kwamba akitaka kuliondoa aende kwenye orodha ya programu. Wengi husoma ujumbe huo kama amri, wakaiondoa programu ya zamani papo hapo. Sivyo. Maana yake ni kwamba kifurushi hicho kinahitaji kuanzishwa kwa amri maalumu ambayo fundi huiandika, mfano:

msiexec /i rejista.msi REINSTALL=ALL REINSTALLMODE=vomus

Mabadiliko makubwa hubadilisha ProductCode na kuongeza namba ya toleo, huku jina la ukoo likibaki lilelile. Kifurushi kikianzishwa, hutafuta ndugu zake wa zamani katika kompyuta, huwaondoa, kisha huingiza toleo jipya. Mtumiaji hubofya mara mbili tu, hana amri ya kuandika. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi hupendelea njia hii, na zana za kutengenezea vifurushi, kama WiX ambayo Microsoft iliifungulia umma mwaka 2004, zimeifanya kuwa nyepesi. Ni njia nzuri. Lakini neno "huwaondoa" ndilo linalotupasa tusimame kidogo.

Kabati na madaftari

Tuseme parokia imeagiza kabati jipya la ofisi. Fundi seremala anakuja nalo, analiondoa la zamani, na kulisimika jipya mahali pake. Madaftari ya ubatizo yaliyokuwamo si mali yake, hivyo anayaacha mezani, nasi tunayapanga katika kabati jipya. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Programu ni kabati, kumbukumbu zetu ni madaftari.

Sasa tuseme kabati la kwanza lilikuja na daftari tupu ndani yake, nalo limo katika orodha ya seremala kama sehemu ya kabati. Sisi tukaliandika miaka mitano, likajaa majina. Siku ya kubadilisha, seremala anafuata orodha yake: rafu nne, milango miwili, daftari moja. Anavichukua vyote. Kisha anatuachia kabati jipya lenye daftari jipya, tupu.

Hivyo ndivyo kumbukumbu zinavyoweza kupotea katika mabadiliko makubwa. Mtengenezaji akiweka faili tupu la rejista ndani ya kifurushi, na akapanga toleo la zamani liondolewe mwanzoni, faili hilo litafutwa pamoja na majina yote yaliyoingizwa humo, na jingine tupu litawekwa. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea, kwa kuwa kwa Windows kila kitu kimekwenda sawa.

Jambo hili huwachanganya hata mafundi, kwa sababu katika mabadiliko madogo na ya kati halitokei. Huko Windows Installer ina kanuni ya kawaida kwamba faili lisilo na namba ya toleo ndani yake, likiwa limebadilishwa na mtumiaji baada ya kusakinishwa, halifunikwi. Kwa hiyo parokia inaweza kubadilisha programu mara tatu bila tatizo, na mara ya nne ikapoteza rejista, kwa sababu tu mara hiyo mtengenezaji alitumia njia nyingine. Hata kiolezo cha cheti cha ubatizo ambacho katibu alikirekebisha kwa kuandika jina la parokia kinaweza kutoweka hivyo hivyo.

Dawa yake inajulikana. Faili la kumbukumbu lisiwe sehemu ya kifurushi. Programu yenyewe ilitengeneze siku ya kwanza inapofunguliwa, katika folda iliyo mbali na folda ya programu. Kwa kuwa halimo katika orodha, kuondoa programu hakutaligusa. Faili ambalo lazima lije na kifurushi liwekewe alama ya kudumu, ili lisiondolewe, na alama hiyo iwepo tangu toleo la kwanza.

Matatizo mengine mawili

Tatizo la kwanza ni kuwa na programu mbili zenye jina moja. Hutokea mtengenezaji anapobadilisha ile sehemu ya nne ya namba ya toleo peke yake, au pale toleo la zamani lilipoingizwa kwa ajili ya mtumiaji mmoja na jipya likaingizwa kwa watumiaji wote wa kompyuta. Kifurushi hakimwoni ndugu aliye upande wa pili. Matokeo yake mhasibu anaweza kufungua la zamani na katibu akafungua jipya, na hesabu zikaanza kupishana.

Tatizo la pili ni kubaki bila programu yoyote. Ikiwa uondoaji umepangwa kufanyika kabla kazi ya kusakinisha haijaanza rasmi, na toleo jipya likashindwa kuingia, la zamani halirudishwi. Ukipangwa mara tu baada ya kazi kuanza, Windows inaweza kurudisha hali ya awali kazi inapokwama. Uchaguzi huu ni wa mtengenezaji, lakini kamati ina haki ya kumwuliza.

Kamati ifanye nini

1. Mwulizeni mtengenezaji kwa maandishi: Kumbukumbu zetu zimo katika faili gani na folda gani? Je, faili hilo ni sehemu ya kifurushi? Toleo hili ni mabadiliko ya aina gani? Likishindwa kuingia, la zamani litarudi?

2. Tengenezeni nakala mbili za faili la kumbukumbu, moja katika flashi na nyingine itunzwe nje ya jengo la ofisi. Zifungueni katika kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa bado si nakala ya kutegemea.

3. Andikeni kwenye karatasi idadi ya waliobatizwa katika rejista, namba ya mwisho iliyoandikwa, na salio la kila mfuko. Baada ya kazi linganisheni, kisha watu wawili watie sahihi.

4. Jaribuni kwanza katika kompyuta moja, na kwa nakala ya kumbukumbu, si kumbukumbu zenyewe.

5. Tunzeni kifurushi cha toleo la zamani. Bila hicho hakuna njia ya kurudi nyuma.

6. Ukitokea ujumbe wa kukataa, msiondoe kitu chochote. Mwiteni fundi aanzishe kifurushi kwa amri ya kuandika kumbukumbu ya kazi, mfano: msiexec /i rejista.msi /l*v kazi.txt. Faili hilo la kazi.txt litaeleza ni hatua gani iliyokwama.

7. Msifanye kazi hii mkesha wa sikukuu wala wakati wa kufunga hesabu za mwaka. Haraka haraka haina baraka.

Tunakumbusha pia kwamba kompyuta haikufuta wajibu wa rejista za parokia. Kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inadai kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na wafu, vikiandikwa na kutunzwa ipasavyo. Pale kitabu cha karatasi kinapoandikwa bila kukosa, kumbukumbu za kompyuta zikipotea zinaweza kuandikwa upya kwa jasho. Pale kilipoachwa, hakuna pa kuanzia.

Kwa wafadhili wetu

Mara nyingi msaada wa kompyuta hutolewa kwa kununua mashine na programu, kisha mradi hufungwa. Lakini gharama ya programu haiishi siku ya kununua. Kila toleo jipya linahitaji siku ya fundi, nauli yake, flashi za nakala, na muda wa katibu wa kulinganisha hesabu. Kiasi hicho ni kidogo ukilinganisha na bei ya kompyuta, ila kisipokuwamo katika bajeti, kazi hufanywa na yeyote aliye karibu, bila nakala. Tunawaomba mnapopitisha maombi ya kompyuta mtazame kama pana fungu la matunzo kwa miaka inayofuata, na kamati nazo ziliweke fungu hilo bila kuona haya.

Kijana anayetaka kufunga ndoa atakuja siku moja kuomba cheti chake cha ubatizo. Hatauliza tunatumia toleo gani la programu. Atataka jina lake lionekane, nasi tuna deni la kulitunza.