Sub kaingia, jina halipo kwa refa

Jumamosi saa 11:30 jioni umeshakaa kibandani, unasubiri Bundesliga. Kule Ujerumani kuna shabiki bado yuko barabarani, theluji inadondoka, na kwenye dashibodi imewaka taa ya njano yenye alama ya tairi.

Wenzetu kule wana seti mbili za tairi, kama jezi za nyumbani na ugenini. Sheria inataka tairi za baridi kukiwa na theluji au barafu, hivyo wengi huzifunga Oktoba na kuzifungua Pasaka. Kwenye gari nyingi, ndani ya kila ringi kuna sensa inayopima upepo na kuurusha kwa redio pamoja na namba yake. Funga seti nyingine, gari halizijui namba zile. Ni sub kaingia uwanjani, jina halipo kwenye karatasi ya refa! Taa inapepesa kama dakika moja, kisha inabaki imewaka. Dawa yake ni fundi kuziandikisha namba mpya, au kununua sensa zilizonakiliwa namba za zamani.

Sasa kuna yule anayesema, "Aah, taa tu hiyo." Joto likishuka nyuzi 10, tairi hupoteza kama bar 0.1. Kwa macho huoni kitu. Na taa ikishazoeleka kuwaka tangu Oktoba, siku msumari umeingia kweli, tena uko kasi kuwahi mechi, nani atakwambia?