Protini ya ubongo si dawa ya mzee wako

Majuzi bwana mmoja alinijia kliniki akiwa na karatasi mkononi. Babake, mwenye umri wa miaka 71, alikuwa ameanza kusahau majina ya wajukuu, na mara mbili alipotea njia akitoka sokoni. Karatasi ile ilikuwa tangazo la protini iitwayo nyuroserpini, ambayo hulinda ubongo. "Daktari, niagizie hii," aliniambia. "Nikilazimika nitauza ng'ombe."

Pengine nawe, msomaji, una mzazi wa namna hiyo nyumbani. Hebu nikueleze protini hii ni kitu gani na kwa nini sikumwagizia.

Mwili wako una vimeng'enya vingi ambavyo kazi yake ni kukata protini, mfano wa makasi ya fundi cherehani. Baadhi husaga chakula tumboni, vingine huyeyusha damu iliyoganda. Lakini makasi yakiachwa ovyo huharibu hata nguo nzima, kwa hivyo mwili umeyawekea walinzi. Katika ubongo mlinzi mmojawapo ni nyuroserpini. Hutolewa na seli za neva, na hasa hudhibiti kimeng'enya kiitwacho tPA. Watafiti wa Zurich, Uswisi, walieleza muundo wake katika kuku mwaka 1996.

Mlinzi huyu akiharibika hugeuka adui. Mwaka 1999 ilibainika kwamba katika familia mbili za Marekani, kosa dogo la kurithi lilifanya protini hii ishikamane na kujaa ndani ya seli za ubongo. Waliokuwa na kosa hilo walipoteza kumbukumbu kabla ya uzee, na wengine walipata kifafa. Ugonjwa huo ni nadra sana, na si rahisi kuwa ndio unaomsumbua mzee wako.

Je, protini iliyo katika chupa hutoka wapi? Haitolewi katika ubongo wa mtu. Wataalamu huchukua jeni ya binadamu na kuipandikiza ndani ya bakteria au seli nyingine, ambazo hugeuka kiwanda cha kutengeneza protini hiyo. Kisha protini huchujwa na kusafishwa. Insulini iliyotengenezwa kwa njia hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1982, na imeokoa wagonjwa wengi wa kisukari. Basi ubaya haumo katika njia. Tofauti ni kwamba insulini ilijaribiwa kwa watu kabla ya kuuzwa, ilhali chupa hii huandikwa kuwa ni ya utafiti wa maabara pekee.

Usilipuuze onyo hilo. Mzee akiinywa, tumbo lake litaisaga kama linavyosaga nyama. Akidungwa mshipani, kuta za mishipa ya ubongo huzuia protini kubwa kupenya. Aidha, mabaki ya bakteria yakiwamo yanaweza kumletea homa kali, hata kumuua. Ni kweli kwamba panya wenye kiharusi walipodungwa protini hii moja kwa moja ubongoni, sehemu iliyokufa ilipungua. Hilo ni tumaini kwa watafiti, bali si tiba kwa babako.

Jambo la ajabu ni kwamba tPA, yaani yale makasi yenyewe, ni dawa. Nayo pia hutengenezwa kwa kupandikiza jeni, na Marekani iliiidhinisha kwa kiharusi mwaka 1996. Huyeyusha damu iliyoziba mshipa wa ubongo. Kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na ni lazima kwanza picha ya CT ionyeshe kwamba hakuna damu iliyovuja ubongoni. Kwa hivyo uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, usingoje kupambazuke wala usianze kumchua mgonjwa kwa mafuta. Mkimbize hospitali kubwa yenye mashine hiyo, na umwambie daktari dalili zilianza saa ngapi.

Na kuhusu kusahau, anza na vipimo. Yako mambo yanayoweza kutibiwa: upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi la shingo, huzuni ya muda mrefu, kaswende, virusi vya Ukimwi, dawa zinazolewesha, hata damu iliyokusanyika kichwani baada ya kuanguka.

Mzee yule nilimpima. Shinikizo la damu lilikuwa 190/110, na alikuwa ameacha kumeza vidonge kwa miezi kadhaa kwa kudhani amepona. Presha kama hiyo huharibu mishipa midogo ya ubongo kimyakimya. Sikumwahidi mwanawe kwamba kumbukumbu zote zitarudi. Nilimwambia kwamba tukiishusha, tunaweza kuulinda ubongo uliobaki, na kumwepusha babake na kiharusi.

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kuuza ng'ombe kwa ajili ya chupa ya maabara, mpeleke mzee wako apimwe presha, na uhakikishe kila siku kwamba amemeza vidonge vyake.