Fanani, Hadhira na Malipo: Kutoka Utendi wa Mwindo hadi Video za Intaneti

Kumlipa fanani si jambo geni Walikale. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga, ulionakiliwa mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, ulisimuliwa mbele ya hadhira iliyomtuza msimulizi papo hapo.

Katika video za intaneti, anayetuza ni mfanyabiashara mwenye tangazo. YouTube humgawia mtayarishaji asilimia 55 ya mapato ya matangazo ya video zake ndefu, mradi awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Hata hivyo, watazamaji hawana thamani moja: aliye Ulaya au Marekani huingiza fedha nyingi kuliko aliye Goma, kwani matangazo ya huko hulipiwa zaidi.

Hapo ndipo lugha inapokuwa mtaji. Kihunde cha Masisi na Kinyanga cha Walikale vina hadhira ndogo; Kiswahili huvuka mipaka hadi Nairobi, Dar es Salaam na kwa Wakongo walio ughaibuni. Kwa hiyo msimulizi huvutwa kuelekea Kiswahili. Asipohifadhi pia masimulizi katika lugha ya asili, kipato kitaongezeka huku chemchemi yake ikikauka.